Mashine ya kahawa: bei ya dukani si bei ya kikombe

Mashine ndogo za espresso za nyumbani zimeanza kuwavutia wanunuzi wa kipato cha kati jijini Dar es Salaam. Mwenye nyumba wa Tegeta huitaka kwa ajili ya familia na wageni, na mwenye mgahawa wa Mbagala hufikiria kuiweka mezani ili aongeze mauzo. Wote wawili huuliza swali moja: ni bei gani? Swali hilo halitoshi, na ndilo linalowapotezea wengi mtaji.

Bei ya dukani ina sababu zake. Chini ya ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki, ulioanza mwaka 2005, bidhaa nyingi za mlaji zilizokamilika hutozwa ushuru wa asilimia 25, kisha VAT ya asilimia 18. Kifaa kilichofika bandarini kikiwa na thamani ya shilingi 100,000 hufikia 147,500 kabla ya tozo nyingine, usafiri na faida ya muuzaji. Kwa hiyo mashine inayouzwa kwa bei ya kutupa haina budi kutiliwa shaka.

Jambo la kwanza la kuangalia ni umeme. Tanzania hutumia volti 230. Mashine iliyotumika kutoka Japani imetengenezwa kwa volti 100, na ya Marekani kwa volti 120. Ikichomekwa moja kwa moja ukutani, huungua. Transfoma ya kuhimili wati 1,300 ni nzito na ina gharama yake, hivyo urahisi wa mtumba huo huishia hapo.

La pili ni maandishi ya kwenye boksi. Wauzaji hupenda kutaja presha ya bar 15 au 20, kana kwamba kubwa zaidi ni bora zaidi. Espresso hukamuliwa kwa takriban bar 9, kwa maji ya nyuzi 90 hadi 96 na kwa muda wa sekunde 25 hadi 30. Tarakimu ya kwenye boksi ni uwezo wa juu wa pampu tu. Mnunuzi aulize kama chujio la kawaida lisilo na tundu moja la kubana lipo, kama mpira wa kuziba unapatikana na kama kuna fundi wa kuifungua. Mashine isiyo na vipuri ni pambo la kabatini.

La tatu, ambalo wengi hulisahau, ni kinu. Espresso huhitaji unga laini wenye chembe zinazolingana. Blenda ya jikoni hutoa chembe kubwa na vumbi kwa pamoja, na maji hupita ovyo. Aidha, kahawa iliyokwisha kusagwa hupoteza harufu haraka, hasa katika unyevu wa Pwani. Mwenye fedha za kununulia mashine nzuri bila kinu ni afadhali anunue mashine ya kawaida pamoja na kinu kizuri cha mkono. Kahawa yenyewe haiko mbali: arabika hulimwa Kilimanjaro, Mbeya na Mbinga, na robusta hulimwa Kagera.

La nne ni maji. Visima vingi vya jijini vina maji ya chumvi, na chumvi hiyo huganda ndani ya mabomba membamba ya mashine. Anayetegemea kisima ahesabu maji ya kununua kuwa sehemu ya gharama, pamoja na kuisafisha mashine mara kwa mara kwa dawa ya kuondoa ukoko.

Baada ya hayo ndipo hesabu ifanywe. Chukulia mashine na kinu vimegharimu shilingi 450,000 na vitadumu miaka 3. Familia inayokunywa vikombe 2 kila siku itapata vikombe 2,190, na kila kimoja kitabeba shilingi 205 za mtaji. Familia inayokunywa kikombe kimoja kila Jumapili itapata vikombe 156 tu, na kila kimoja kitabeba shilingi 2,885 kabla ya kahawa na maziwa. Umeme hausumbui sana: wati 1,300 kwa dakika 10 hazifiki robo ya uniti. Mtaji uliolala ndio unaoumiza.

Kwa familia ya aina ya pili lipo jibu la bei nafuu, nalo ni birika la moka, lililobuniwa Italia mwaka 1933. Hukaa juu ya jiko la gesi, halina pampu, na kifaa kinachochakaa mara nyingi ni mpira wake. Kahawa yake si espresso kamili, kwani presha yake ni ndogo, lakini ni nzito na inakubali maziwa. Umeme ukikatika, kazi inaendelea.

Kwa mwenye mgahawa, onyo ni kali zaidi. Pampu ndogo ya nyumbani imetengenezwa kufanya kazi kwa muda mfupi na kupumzika, na waranti nyingi hufutwa mashine ikitumika kibiashara. Isitoshe, mshindani wake ni muuza kahawa mwenye dele, jiko la mkaa na kashata, ambaye hana mtaji uliofungwa kwenye chuma. Kushindana naye kwa bei ni kujitafutia hasara. Asiye na wateja walio tayari kulipia maziwa na povu asikope ili anunue mashine.

Kwa ufupi, mnunuzi wa Kinondoni au Temeke aanze kwa kuhesabu vikombe, kisha maji, kinu na vipuri. Mashine ije mwisho. Anayeanza na boksi linalong'aa atalipia boksi.