Taa ya ABS isizimwe kwa kukata waya

Mkulima wa Nyandira anapopakia karoti jioni, jambo la kwanza analouliza ni bei ya kukodi gari. La pili ni kama turubai lina matundu. Dashibodi haimhusu, au ndivyo anavyodhani. Dereva akiulizwa kuhusu ile taa ya njano iliyoandikwa ABS, jibu ni lile lile: hiyo ya kawaida, gari linatembea.

Kweli linatembea. Cha kuuliza ni litasimamaje, hasa kwenye miteremko ya kutoka Nyandira na Langali kuelekea Mlali na Sangasanga, au njia za Kinole na Matombo wakati wa masika, udongo unapoteleza kama sabuni. Kutoka vijiji vya juu vya Mgeta hadi Morogoro mjini, gari hushuka zaidi ya mita 1,000 likiwa limejaa kabichi, njegere na abiria wawili watatu juu ya mzigo.

ABS ni mfumo unaozuia matairi yasijifunge dereva anapokanyaga breki kwa nguvu. Kwenye magurudumu kuna sensa zinazohesabu kasi ya mzunguko. Tairi likianza kujifunga, kompyuta hulegeza breki yake na kuibana tena, mara nyingi ndani ya sekunde moja, ili usukani uendelee kutii. Si teknolojia ngeni. Bosch na Mercedes-Benz waliileta kwenye magari ya S-Class mwaka 1978. Taa ikiwaka, breki za kawaida bado hufanya kazi, na ndiyo maana dereva haoni tofauti siku zote hadi siku ng'ombe anapokatiza barabara yenye maji. Tairi lililojifunga halifuati usukani. Ni haki pia kusema kwamba kwenye changarawe iliyolegea ABS yaweza kurefusha umbali wa kusimama. Faida yake hapo ni kubaki njiani, na penye korongo upande mmoja hilo si dogo.

Tatizo linaloanza kuwasumbua wenye magari Morogoro ni jingine. Gari limepelekwa gereji, kifaa kipya kimefungwa, fedha imelipwa, na taa bado inawaka. Mwenye gari humlaumu muuza vipuri. Mara nyingi kosa si la kipuri. Magari mengi yaliyotumika yanayoingia sasa kutoka Japani yana, pamoja na ABS, mfumo wa kulidhibiti gari lisiserereke. Mfumo huo hutegemea sensa ya usukani, inayoiambia kompyuta dereva amekata kona kiasi gani, na sensa nyingine inayopima gari linavyoyumba. Ulaya iliulazimisha kwa magari mapya yote ya abiria mwaka 2014. Kwa hiyo kadiri miaka inavyokwenda, gari lisilo na mfumo huo litakuwa adimu hata kwenye yadi za Dar es Salaam.

Fundi akibadilisha stelingi reki, akifungua usukani, au hata akipiga alaimenti tu, ile sensa ya usukani yaweza kupoteza sifuri yake. Magurudumu yamenyooka, lakini kompyuta inaamini dereva anakata kushoto. Mara nyingi mfumo hujizima na kuwasha taa. Mara chache hukosea bila kujizima, ukabana breki ya tairi moja katikati ya kona ambayo dereva aliikata vizuri kabisa.

Dawa yake ni kuiseti upya. Mashine ya kupimia huunganishwa kwenye soketi iliyo chini ya usukani, kompyuta huambiwa kwamba hapa ndipo sifuri, kumbukumbu ya makosa hufutwa, kisha gari huendeshwa taratibu na kukaguliwa tena. Masharti yake si magumu: matairi ya saizi moja na upepo unaolingana, usukani umenyooka, gari halina mzigo, halitikiswi, na limesimama mahali tambarare. Sharti hilo la mwisho ndilo linalosahaulika milimani, ambako gereji ni kando ya barabara na barabara yenyewe ni mteremko. Ukiseti kwenye mteremko, kompyuta itauchukua mteremko huo kuwa ndio usawa. Kazi hiyo ishukiwe mjini.

Sensa za magurudumu zenyewe kwa kawaida hazihitaji kusetiwa. Zinahitaji kusafishwa tope, waya wake uwe mzima, na habu au beringi iliyofungwa iwe sahihi. Beringi nyingi za siku hizi zina upande mmoja wenye sumaku ambao sensa huusoma. Ikigeuzwa, sensa haisomi kitu. Fundi anayedai fedha ya kuprogramu sensa ya gurudumu aulizwe maswali mawili matatu kabla ya kulipwa.

Wapo wanaochagua njia ya mkato. Wanakata waya wa taa, wanang'oa balbu, au wanaiunganisha na taa nyingine ili zizime pamoja. Dashibodi inakuwa safi na gari linauzwa. Anayelipia ni mchuuzi aliyenunua kwa mkopo wa SACCOS na kukata bima ndogo ya mtu wa tatu, ambayo gari likiingia korongoni haimlipi gari lake wala karoti za watu.

Mashine ya kupimia ni ghali kwa fundi mmoja wa Msamvu, lakini si kwa kikundi. Halmashauri zina mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Vijana wa gereji wakijisajili pamoja, mashine moja yaweza kuhudumia gereji kadhaa. VETA iko pale Kihonda. Kozi fupi ya jioni kwa mafundi ambao tayari wako kazini ingefaa kuliko kuwasubiri wahitimu wapya.

Mkulima naye asingoje. Kabla ya kupakia, amwombe dereva afungue swichi bila kuwasha injini. Taa ya ABS na ile ya gari linaloserereka ziwake, kisha injini ikiwashwa zizime baada ya sekunde chache. Isiyozima ina hitilafu. Isiyowaka kabisa, ama imeungua ama mtu ameigusa makusudi, na hapo ni afadhali kusubiri gari jingine, hata kama bei yake imezidi kidogo.