Masweta ya Makete hayana kazi Ifakara

Mhariri,

Nilihamishiwa Ifakara kufundisha nikitokea baridi ya Makete, begani masweta matatu na blanketi zito. Wenyeji walinipa pole huku wakicheka. Wiki ya kwanza chaki iliniteleza mkononi kwa jasho, hadi mwanafunzi mmoja akaniuliza, kwa adabu zote, "Mwalimu, umenyeshewa wapi?" Usiku nilitupa blanketi, nikabaki na chandarua. Mbu wa bonde hili! Waswisi walioanzisha maabara yao ya utafiti hapa miaka ya 1950 hawakukosa cha kuchunguza.

Sasa naoga mara tatu kwa siku na wali kwa perege umenikolea. Ombi langu kwa wanaotupangia vituo: barua ya uhamisho itaje na joto. Masweta yapo, bei maelewano.

Mwalimu mgeni,
Ifakara