Mawe ya mapangoni yana neno kwa mkulima wa Kilosa

Kila Mto Mkondoa unapofurika, husikika mjini Kilosa kwamba mafuriko ya namna hiyo hayajawahi kutokea. Ndivyo ilivyokuwa mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010, maji yalipoingia mjini, maelfu ya watu wakahamia kwenye mahema na reli ya kati ikasombwa kati ya Kilosa na Gulwe. Januari 2014 ikawa hivyo tena, barabara ya Morogoro hadi Dodoma ilipokatika pale Dumila na malori ya mazao yakalala njiani.

Hayajawahi kutokea tangu lini? Hilo ndilo swali ambalo halmashauri na wakulima wenyewe hawaliulizi.

Kumbukumbu ya mzee wa Rudewa au Kimamba inarudi nyuma miaka 60 au 70. Wataalamu wa hali ya hewa duniani kote huchukua wastani wa miaka 30 kuwa ndiyo hali ya kawaida ya mahali. Kwa kupanga msimu wa mahindi, kipimo hicho kinafaa. Kwa kuamua kimo cha tuta la mto, au mahali pa kujenga ghala la mpunga, ni kifupi mno.

Ipo kumbukumbu ndefu zaidi, nayo imehifadhiwa kwenye mawe. Maji ya mvua yanapopenya ardhini huchukua hewa ya ukaa kutoka kwenye udongo, yakapata ukali kidogo na kuyeyusha mwamba wa chokaa. Yakidondoka ndani ya pango, hewa ile hutoka na chokaa hubaki. Tone kwa tone jiwe hukua, jingine likining'inia juu, jingine likiinuka sakafuni kama kichuguu chembamba. Aliyetembelea mapango ya Amboni, Tanga, ameyaona. Chokaa ya mwaka mmoja kwa kawaida haifikii hata unene wa ukucha, lakini ndani yake imo oksijeni iliyokuja na mvua ya wakati ule. Oksijeni ina aina nyepesi na aina nzito, na katika nchi za joto, mvua zikiwa nyingi, ile nyepesi huongezeka. Umri wa jiwe hujulikana kwa kupima urani, ambayo hugeuka kuwa thori kwa mwendo usiobadilika. Njia hiyo hufika nyuma hadi miaka laki tano hivi.

Katika pango la Hoti, kaskazini mwa Oman, mawe hayo yalionyesha kwamba kati ya miaka 10,500 na 6,000 hivi iliyopita mvua za kusi zilifika hadi huko, mahali ambapo leo ni pakavu. Wenye ndugu Oman watashangaa kusikia hivyo.

Kilosa haina sifa ya mapango, kwani milima ya Rubeho na Ukaguru kwa sehemu kubwa ni ya miamba ya aina nyingine. Lakini si mawe peke yake yanayotunza habari za mvua. Matope ya chini ya maziwa hufanya kazi hiyo hiyo. Katika Ziwa Chala, mpakani mwa Rombo na Kenya, matope hutuama kwa matabaka ya mwaka, na miaka mikavu yenye upepo huacha tabaka nene zaidi. Watafiti walioyasoma walieleza mwaka 2011 kwamba zamani za baridi kali, miaka ipatayo 20,000 iliyopita, mvua zilikuwa chache lakini hazikuyumba sana mwaka hadi mwaka. Katika miaka 3,000 ya karibuni, ambayo ni ya joto zaidi, ziliyumba zaidi. Matope ya Ziwa Naivasha nayo, katika utafiti wa mwaka 2000, yalionyesha kwamba kabla ya ukoloni ulipita ukame mrefu mara tatu, kila mmoja mkali kuliko wowote wa karne ya 20.

Kilosa si Rombo wala Naivasha, lakini Bahari ya Hindi inayoleta mvua ni ile ile. Kama joto linazidisha kuyumba, basi mkulima wa miwa wa Ruhembe na mama muuza vitunguu wa barabarani Mikumi wajiandae kwa pande zote mbili. Mafuriko huonekana na kupigwa picha. Ukame huja kimya kimya, mifugo ikateremka bonde la Mkata kutafuta maji, na ugomvi wa mashamba ukaanza.

Ni kweli jiwe halimwambii mtu apande lini. Hiyo ni kazi ya Mamlaka ya Hali ya Hewa. Ni kweli pia kwamba si kila mafuriko ni ya kusingizia mbingu. Mchanga unaokijaza kina cha Mkondoa hutoka kwenye ardhi iliyochoka ya huko juu, upande wa Mpwapwa, na hakuna pango litakalouzuia. Lakini mhandisi anayelipwa fedha za umma kulipima tuta la Mkondoa aulizwe ametumia kumbukumbu za miaka mingapi. Akijibu 30, arudishiwe michoro yake kabla halmashauri haijagawa kiwanja kingine bondeni.