Sayansi shuleni DRC: mwanafunzi anaijua CO2, lakini haitambui mazuku

Magharibi mwa mji wa Goma, kwenye barabara ya kuelekea Sake, wazazi huwaonya watoto kuhusu mazuku: hewa mbaya inayotuama katika mashimo ya mawe ya lava na kuua kondoo, mbuzi na mara nyingine watu. Katika shule za eneo hilohilo, mwanafunzi wa sekondari huandika daftarini kwamba gesi ya kaboni dioksidi, CO2, ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Mambo hayo mawili ni jambo moja. Mazuku ni CO2 inayotoka ardhini na kulala chini kwa sababu ya uzito wake, hasa usiku na asubuhi mapema wakati hakuna upepo. Lakini somo linaweza kuanza na kumalizika bila mtu yeyote darasani kuyaunganisha.

Hilo ndilo tatizo la kufundisha sayansi katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, kuanzia shule ya msingi hadi chuo kikuu. Mwalimu anaandika ubaoni, mwanafunzi ananakili, anakariri, anarudisha maneno yaleyale siku ya mtihani. Chuo kikuu kinalaumu sekondari, sekondari inalaumu shule ya msingi, na shule ya msingi inalaumu umaskini.

Lugha ndiyo mlango wa kwanza

Sheria ya elimu ya Februari 2014 inakubali lugha za kitaifa, Kiswahili kikiwa kimojawapo, zitumike kufundishia. Hata hivyo, vitabu vingi vya sayansi vimeandikwa kwa Kifaransa. Mtoto wa kijijini Masisi au Fizi anakutana na neno jipya na wazo jipya kwa wakati mmoja. Akishindwa kuelewa neno, anashika sauti yake tu.

Walimu wengi huvuka kikwazo hicho kwa kueleza kwa Kiswahili na kuandika kwa Kifaransa. Si kosa. Tatizo ni kwamba wanafanya hivyo bila kitabu wala mafunzo ya kuwasaidia, kila mmoja kwa akili yake.

Darasa limejaa, mwalimu yuko peke yake

Elimu ya msingi bila malipo, iliyoandikwa katika Katiba ya 2006, ilianza kutekelezwa Septemba 2019. Watoto wengi waliokuwa nyumbani waliingia shuleni, na hiyo ni faida kubwa kwa taifa. Lakini madarasa na walimu havikuongezeka kwa mwendo uleule. Walimu wengine wanaendelea kungoja kuingizwa kwenye orodha ya mishahara ya serikali.

Mwalimu wa shule ya msingi mara nyingi ametoka katika masomo ya ualimu ya sekondari, na anafundisha kila kitu: kusoma, hesabu, historia, sayansi. Kama yeye mwenyewe hakuwahi kufanya jaribio hata moja alipokuwa mwanafunzi, ni vigumu kumdai awafanyishe wengine. Vita vya mashariki, vilivyofunga shule na kugeuza nyingine kuwa makimbilio ya wahamaji, vimezidisha mzigo huo.

Programu mpya, mtihani wa zamani

Serikali haikukaa kimya. Kuanzia mwaka wa masomo 2018-2019, darasa la 7 lilipokea programu mpya ya sayansi, iliyotayarishwa kwa msaada wa Benki ya Dunia. Inamtaka mwalimu aanze na hali halisi ya maisha, kisha ndipo aje kwenye kanuni. Kwa maneno mengine, aanze na mazuku, amalize na CO2.

Lakini mwishoni mwa sekondari kuna Exetat, mtihani wa taifa unaofanyika tangu 1967. Sehemu yake kubwa ni maswali ya kuchagua jibu moja kati ya majibu yaliyotolewa. Shule na wazazi wanahesabu walioshinda. Katika hali hiyo, mwalimu anayetumia saa nzima kwa jaribio anaonekana kama anayepoteza wakati.

Fedha si kisingizio cha yote

Maabara inahitaji fedha, na hakuna anayepinga. Lakini si kila jaribio linahitaji maabara. Bikarbonati ya sokoni na maji ya limao vinatoa CO2 ndani ya chupa iliyokatwa. Mishumaa miwili ikiwekwa ndani ya ndoo, mmoja chini na mwingine juu zaidi, gesi hiyo ikimiminwa taratibu, wa chini unazimika kwanza. Mtoto aliyeona hivyo haambiwi mara mbili kwa nini kondoo anakufa wakati mtu aliyesimama bado anapumua, au kwa nini si vema kuinama kumwokoa.

Mihogo michungu inafundisha kemia pia: kuiloweka siku kadhaa kunaondoa sumu ya sianidi, ile inayohusishwa na ugonjwa wa konzo unaopoozesha miguu, kama ilivyoonekana Kwango. Kasiksi inafundisha uchachu. Maji ya ziwa, yakichemshwa, yanafundisha kuhusu kipindupindu.

Ngazi ya juu nayo haijaokoka. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2014, uliokusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi na hesabu katika vyuo, ulionyesha kwamba wanaosikiliza mhadhara tu walifeli kwa karibu 34 kwa mia, na wanaoshirikishwa darasani kwa karibu 22 kwa mia. Kubadilisha jina la masomo kutoka graduat hadi mfumo wa LMD hakutoshi ikiwa profesa anaendelea kusoma karatasi zake mbele ya ukumbi.

Pa kuanzia

Mnyororo huu unaweza kukatwa mahali pawili. Kwanza ni taasisi za ualimu, ISP, na masomo ya ualimu ya sekondari: asitoke mwalimu yeyote ambaye hajafanya majaribio kwa mikono yake, kwa vitu vya sokoni. Pili ni Exetat: maswali yakianza kumtaka mwanafunzi aeleze alichokiona, madarasa yatafuata.

Mashariki ya Congo ina Nyiragongo, iliyolipuka 2002 na 2021. Ina Ziwa Kivu, lenye methani na CO2 nyingi ndani yake. Ilipitia Ebola kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, wakati uvumi uliua pamoja na virusi. Hapa sayansi ni kinga kabla ya kuwa cheti. Mtoto anayepita Bulengo asubuhi akienda kuteka maji anahitaji kuielewa leo, kabla ya diploma.