Sindano si fimbo ya kumtishia mtoto

Ndani ya daladala ya 505, tukikaribia Kiembe Samaki, mtoto wa kama miaka mitatu alikuwa akilia na kujinyonganyonga mapajani mwa mama yake. Mama alimbembeleza akashindwa. Mwisho akamwambia, "Nyamaza! Hunyamazi, tunashuka hapa hapa nikupeleke kwa daktari akakudunge sindano." Mtoto akanyamaza papo hapo. Abiria wakacheka, na bibi mmoja wa kiti cha nyuma akatilia mkazo: "Tena ile kubwa!"

Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Wengi wetu tuliambiwa hivyo tulipokuwa wadogo, na wengi tumewaambia watoto wetu. Lakini mtoto yule alitoka ndani ya gari na somo: kwamba daktari ni adhabu, na sindano ni silaha anayoishika mama. Gharama ya somo hilo italipwa siku atakapougua kweli.

Wazee walikwishaliona jambo hili zamani, wakasema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Anajua vizuri kwamba ung'ongo ni wa kusukia mkeka, lakini mwili haungoji akili ifikiri. Moyo unakwenda mbio, jasho linamtoka, mguu umekwisharudi nyuma. Ndivyo ilivyo kwa mtoto anayeanza kupiga kelele akiliona tu geti la kituo cha afya, au akimwona mtu aliyevaa koti jeupe, hata akiwa muuza nyama. Tusiseme anadeka. Mwili wake umejifunza, tena umejifunza upesi kuliko anavyojifunza kuhesabu.

Kwa nini hofu hushika kwa siku moja, na herufi huchukua miezi? Jibu ni kwamba mwili wa kila kiumbe una mambo ambayo uko tayari kuyajifunza, na mengine hauyashiki kirahisi. Mwaka 1966, wataalamu wa Marekani John Garcia na Robert Koelling walichapisha jaribio lao la panya. Panya walipewa maji matamu, na kila walipokunywa, taa iliwaka na mlio ukasikika. Wale waliofanywa waugue tumbo baadaye waliyakataa maji matamu, ila taa na mlio hawakuvijali. Wale waliopigwa shoti ya umeme waliogopa taa na mlio, lakini maji matamu wakaendelea kuyanywa. Tumbo hulaumu ladha. Maumivu ya ngozi hulaumu kile kilichoonekana na kusikika.

Mzazi ana la kuchukua hapo. Ukiponda kidonge kichungu ukakichanganya kwenye uji wa mtoto, naye akatapika, huenda kesho akaukataa uji wenyewe. Umepoteza dawa, na chakula pia. Muulize mhudumu namna nyingine ya kumpa. Wagonjwa wa saratani nao wanahusika. Mwaka 1978, mtafiti Ilene Bernstein alionesha kwamba watoto waliopewa aiskrimu ya ladha mpya kabla ya dawa kali za saratani zinazochafua tumbo, waliikataa aiskrimu hiyo baadaye. Kwa hiyo chakula unachokipenda zaidi kisiwe cha mwisho kuliwa kabla ya dawa za namna hiyo.

Hofu huingia pia kwa macho. Susan Mineka na Michael Cook, katika miaka ya 1980, waliwachukua nyani waliolelewa maabara, ambao hawakuwa na hofu ya nyoka. Walipowaonesha picha za video za nyani mwenzao akimwogopa nyoka, nao wakaanza kuogopa. Picha zilipopangwa ionekane kama mwenzao anaogopa maua, hofu haikuwashika. Sasa fikiria sindano: ina ncha, inauma, na kando yake yupo mtu mzima aliyekunja uso na kufumba macho. Mtoto anamsoma mama yake kabla hajamtazama mhudumu.

Lakini mlango unaoingiza hofu huingiza na manufaa. Hapa kwetu Unguja, kima punju wa Jozani hula makaa. Mwaka 1997 watafiti akiwemo Thomas Struhsaker walieleza sababu. Kima hao hula majani ya miembe na mikungu, yenye protini nyingi lakini pia yenye kemikali zinazosumbua usagaji wa chakula. Makaa huzinasa kemikali hizo. Na watafiti waliona kwamba yaelekea tabia hiyo hupita kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto: mdogo anamtazama mama, anaonja, anazoea. Kitu kichungu, cheusi, kisicho na utamu wowote, kinakuwa cha kawaida kwa sababu mama anakitafuna bila wasiwasi.

Twende na Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambako shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu katika makohozi. Panya mmoja aliyezaliwa huko, Magawa, alifanya kazi Cambodia, na mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu ya shirika la Uingereza la PDSA. Wanyama hao hawafundishwi kwa vitisho. Wanaanza wakiwa wadogo kwa kuzoeshwa watu, sauti na mazingira. Wakipatia, wanasikia mlio mdogo na chakula kinafuata hapo hapo. Hatua ni ndogo ndogo, na kazi nzima huchukua miezi. Kama panya anastahili subira hiyo, mtoto wetu anastahili zaidi.

Msimamo wa safu hii ni mmoja: tuache kuifanya sindano fimbo ya malezi. Katika miaka miwili ya mwanzo, mtoto wa Tanzania hupelekwa chanjo anapozaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, halafu miezi 9 na miezi 18. Akiwa na homa anatakiwa atobolewe kidole apimwe malaria. Mama aliyechoka na vita vya kumshika mtoto hushawishika kupitia duka la dawa, akanunua dawa bila kipimo. Hapo ndipo hofu inapokuwa hatari. Na mtoto huyo akiwa mtu mzima, huenda akawa ndiye anayeahirisha kupima damu, au anayeambiwa kisukari chake kinahitaji insulini akakimbia.

Wapo watakaosema, "Mbona sisi tulitishwa na tukakua?" Ni kweli tumekua. Lakini tujiulize ni wangapi kati yetu tunaokwenda hospitali pale tu maji yanapokuwa shingoni.

Nini kifanyike? Kwanza, usimdanganye. Ukimwambia haiumi, kisha ikauma, umemfundisha kwamba mama naye si wa kuaminiwa. Mwambie kwa maneno mepesi: "Utahisi kama umefinywa, halafu itakwisha, na mimi nipo." Pili, mshike mwenyewe. Shirika la Afya Duniani lilitoa mapendekezo mwaka 2015 kwamba mzazi awepo wakati wa chanjo, mtoto mchanga apakatwe, na anayenyonya anyonyeshwe kabla kidogo au wakati wa kuchanjwa, kwani hupunguza maumivu. Chanjo zikiwa zaidi ya moja, inayouma zaidi iwe ya mwisho. Tatu, mkubwa kidogo mpe cha kufanya: apulize pumzi polepole, ahesabu, asimulie alichokula asubuhi. Sifa au zawadi ndogo ije hapo hapo, isingoje kufika nyumbani. Nne, mpitishe kituoni siku nyingine ambayo hana sindano, asalimie, apimwe uzito, aondoke.

Kwa mtoto aliyekwishaingiwa na hofu, msitarajie ifutike kwa siku moja. Kumbukumbu ya zamani haifutiki kama chaki. Mwili hujifunza jambo jipya juu yake, na jipya linahitaji kurudiwa. Ziara moja mbaya inaweza kuirudisha hofu. Hiyo isiwe sababu ya kukata tamaa.

Kwa watu wazima wanaozimia wakiona sindano, msione aibu. Mwambieni mhudumu mapema, mlale kabla ya kuchomwa, na mbaki mmelala kidogo baada yake. Hofu ikikuzuia kabisa kutibiwa, iseme kwa daktari kama unavyosema maumivu mengine. Inatibika.

Na kwa wahudumu wa afya: tunajua foleni ni ndefu na mikono ni michache. Lakini dakika moja ya kumsalimia mtoto kwa jina, na kuificha sindano mpaka wakati wake, huokoa dakika kumi za kumkamata ziara ijayo. Neno "ukilia nakuongeza nyingine" lisisikike tena katika chumba cha chanjo.

Mama yule wa 505 alikuwa amechoka, na mtoto mchovu ni mtihani kwa kila mzazi. Kesho atalia tena, ndani ya daladala nyingine. Mwambie mnakaribia kufika, mpe kitu cha kushika, muoneshe ndege inayotua pale uwanjani. Daktari mwache apumzike, mtakuja kumhitaji.