Saratani Haisubiri Kipuri

Wiki iliyopita, kwenye korido ya hospitali moja ya rufaa, nilimsikia mhudumu akiwaambia kina mama waliojaa kwenye mabenchi: "MRI mbovu, kipuri hakijafika. Nendeni, mtapigiwa simu." Mmoja wao alikuwa anatumia dawa za kemo; daktari alihitaji picha hiyo ajue uvimbe wa titi umesinyaa kiasi gani kabla ya kupanga upasuaji. Alikunja karatasi yake akaondoka. Hata pole hakupewa.

Sababu tunazijua: bajeti finyu, mafundi wachache, mikataba ya matengenezo isiyo na msimamizi. Lakini ukimya ni wetu. Umeme ukikatika siku moja mtaa mzima unapiga kelele. Mashine ya kuokoa mama zetu ikilala, tunasema ndiyo hali. Aibu gani hii?

MRI si kipimo cha kila mwanamke. Mwenye uvimbe huanza na altrasaundi au mamogramu, kisha kinyama kinachukuliwa na kupimwa maabara. Ila titi lenye tishu nzito huonekana jeupe kwenye mamogramu, na saratani nayo ni nyeupe, hivyo hujificha humo. MRI, isiyotumia mionzi ya eksirei, huifichua. Uholanzi, utafiti uliotolewa 2019 ulionyesha kuwa wanawake wenye matiti ya aina hiyo walipoitwa kwenye MRI, saratani zinazoibuka kati ya uchunguzi mmoja na mwingine zilipungua kwa nusu. Nao waliorithi kasoro ya jeni za BRCA, inayoongeza hatari ya saratani ya titi, wanahitaji kipimo hiki mapema, kabla hata uvimbe haujashikika.

Shirika la Afya Duniani linataka ugonjwa uthibitishwe ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni. Siku hizo sisi tunazimaliza tukingoja simu!

Basi tusimame. Kwenye mkutano wa mtaa, muulizeni diwani, muulizeni mbunge kabla hajaenda Dodoma kwenye Bunge la bajeti: mashine imelala siku ngapi mwaka huu, na nani analipwa kuitengeneza? Majibu yabandikwe ubaoni hospitalini. Bima igharamie kipimo hiki daktari anapokiandika. Vikoba, tengeni nauli ya mwenzenu anayeitwa mjini. Wanaume, wasindikizeni wake zenu.

Nawe dada uliyepapasa uvimbe ukanyamaza, nakusihi: nenda kituo cha afya kesho asubuhi, na ukiambiwa urudi wiki ijayo, uliza kwa nini.