Televisheni za majimbo Uingereza: si intaneti iliyoziua kwanza

Tarehe 19 na 20 mwezi wa kumi na moja mwaka 2009, mvua kubwa ilipiga Cumbria, eneo la milima na maziwa kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Kwenye kijiji cha Seathwaite zilipimwa zaidi ya milimita 300 za mvua ndani ya saa 24. Maji yaliingia katikati ya mji wa Cockermouth, na huko Workington daraja lilivunjika, polisi mmoja akapoteza maisha akiwa kazini.

Wakaaji wa kule walikuwa na televisheni yao tangu mwaka 1961, Border Television, yenye makao yake Carlisle. Lakini siku zile za mafuriko, habari zao za jioni zilikuwa zinasomwa Gateshead, mji ulio upande wa pili wa milima, umbali wa zaidi ya kilomita 80. Miezi tisa mbele ya mafuriko, kampuni mama iliunganisha habari za Border na za jirani yake Tyne Tees. Waandishi wachache walibaki Cumbria na walifanya kazi yao, hilo tuwape haki yao. Lakini studio, wahariri na uamuzi wa habari gani ianze, vyote vilikuwa kwa wengine.

Mtu wa Uvira ama wa Butembo anayengojea habari za kwake kwenye taarifa ya saa mbili usiku kutoka Kinshasa hahitaji kuelezwa maana yake. Ndiyo sababu tunaona vizuri kuisimulia historia hii, maana mara nyingi inasimuliwa vibaya. Wengi husema intaneti ndiyo iliyoua televisheni za majimbo za Uingereza. Intaneti ilikuta mgonjwa tayari kitandani.

Turudi nyuma. Mpaka mwaka 1955 Waingereza walikuwa na televisheni moja tu, BBC. Sheria ya mwaka 1954 ilifungua mlango kwa matangazo ya biashara, lakini wabunge hawakutaka kampuni moja ya London ishike nchi nzima. Kukaundwa mamlaka ya serikali, ITA, iliyomiliki minara yenyewe, ikagawa nchi vipande vipande, na kila kipande kikapewa kampuni yake. London ilianza mwezi wa tisa 1955. Zikafuata Granada ya Manchester mwaka 1956, Scottish Television ya Glasgow 1957, Tyne Tees, Anglia na Ulster mwaka 1959, Westward, Border na Grampian mwaka 1961, na visiwa vya Channel mwaka 1962. Zote pamoja ziliitwa ITV.

Granada ndiyo mfano mzuri zaidi. Mwaka 1958 ulifanyika uchaguzi mdogo wa mbunge katika mji wa Rochdale. Mpaka pale, watangazaji waliogopa kuonyesha kampeni, wakidhani sheria itawabana. Granada ikaenda na kamera zake, wagombea wakaonekana na kusikika, na tangu siku hiyo uchaguzi wa Uingereza haukurudi kuwa kama zamani. Mwaka 1960 kampuni hiyohiyo ilianzisha Coronation Street, mchezo wa mtaa mmoja wa wafanyakazi, wenye lafudhi ya kaskazini ambayo ilikuwa haisikiki sana kwenye televisheni. Mchezo huo unaendelea mpaka leo.

Hatusemi wenye kampuni hizo walikuwa watakatifu. Roy Thomson, Mkanada aliyeongoza Scottish Television, alijulikana kwa kusema kuwa leseni ya namna hiyo ni sawa na ruhusa ya kuchapa pesa zako mwenyewe. Mipaka nayo ilichorwa kwa kufuata mnara unafika wapi, si kwa kufuata watu. Wales kusini iliunganishwa na Waingereza wa magharibi kwa sababu ng'ambo zote mbili zilipata mawimbi ya mnara mmoja. Kampuni ndogo iliyopewa magharibi na kaskazini mwa Wales mwaka 1962 ilianguka kabla ya kumaliza miaka miwili. Matangazo ya biashara peke yake hayakulisha kila eneo, hata zamani zile.

Lakini kulikuwa na kitu kimoja kikubwa: leseni ilipoisha, mamlaka iliuliza kampuni umewafanyia nini watu wa eneo lako. Mwaka 1967 TWW, iliyokuwa inahudumia Wales na magharibi, ilinyang'anywa leseni, ikapewa kampuni mpya iliyoahidi kuwahudumia vizuri zaidi. Mwenye kituo alijua anaweza kupoteza kila kitu.

Swali hilo lilibadilishwa na sheria ya mwaka 1990, ya serikali ya Margaret Thatcher. Sasa kampuni zilipaswa kupita kwanza mtihani wa ubora wa vipindi, halafu kuandika kwenye bahasha kiasi cha pesa watakacholipa serikali kila mwaka. Mnada. Matokeo ya mwezi wa kumi 1991 yanashangaza hata leo. Central, ya miji mikubwa kama Birmingham, haikuwa na mshindani, ikashinda kwa pauni 2,000 tu. Scottish vilevile pauni 2,000. Yorkshire iliahidi zaidi ya pauni milioni 37. Thames ya London ilitoa milioni 32, Carlton ikatoa milioni 43, na Thames ikafutika hewani mwisho wa mwaka 1992. Thames ndiyo iliyokuwa imeonyesha, mwaka 1988, uchunguzi juu ya askari wa Uingereza waliowaua wanamemba watatu wa IRA huko Gibraltar, na serikali ilikasirika sana. Kuna wanaoamini bado kwamba ilikuwa kisasi. Sisi tunaona bahasha ilitosha kuwaua, na hiyo ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu kisasi hupita na serikali iliyokifanya, lakini sheria hubaki.

Aliyeahidi pesa nyingi alilazimika kuzitafuta. Yorkshire na Tyne Tees ziliungana mara moja. Mwaka 1994 Carlton ilimeza Central, Granada ikameza London Weekend, na kila masharti ya umiliki yalipolegezwa mwingine alimezwa. Mwezi wa kumi 2002 majina mengi ya zamani yaliondolewa kwenye skrini, yakabaki kwenye vipindi vya eneo tu. Mwezi wa pili 2004 Granada na Carlton ziliungana kuwa kampuni moja, ITV plc. Wakati huo hakukuwa bado na Facebook ya kulaumiwa.

Mwaka 2009, ITV ilipolalamika kuwa habari za majimbo zinagharimu kuliko faida ya leseni, mamlaka mpya, Ofcom, ilikubali. Vipindi 17 vya habari vikawa 9. Hapo ndipo Carlisle ilipopoteza studio. Waskoti wa kusini, walio chini ya Border, wakajikuta wanapokea habari kutoka mji wa Uingereza huku nchi yao ikijitayarisha kwa kura ya uhuru ya mwaka 2014. Baada ya malalamiko, sehemu ya huduma ilirudishwa mwaka 2013. Malalamiko yanafanya kazi, basi, kukiwa na mtu anayelazimishwa na sheria kuyasikiliza.

Welshi walijua hilo mapema. Mwaka 1980 serikali ilipotaka kuvunja ahadi ya kuwapa chaneli ya lugha yao, mwanasiasa Gwynfor Evans alitangaza kwamba atafunga kula mpaka kufa. Serikali ikarudi nyuma, S4C ikaanza mwaka 1982, na ipo hewani. London Live, iliyozinduliwa mwaka 2014 katika mpango wa kuipa miji televisheni zake kwa nguvu ya soko, ilizimwa mwezi wa kwanza 2025, katika mji tajiri kuliko yote ya Uingereza.

Na kazi haijaisha. Mwezi wa tisa 2025, STV, kampuni iliyorithi Scottish na Grampian, ilitangaza mpango wa kufuta habari za pekee za kaskazini zinazotoka Aberdeen, ili Uskoti yote ya STV ipate kipindi kimoja kutoka Glasgow. Tunaona ni makosa yaleyale ya Carlisle. Kati ya Aberdeen na Glasgow kwa barabara kuna zaidi ya kilomita 200, na wavuvi na wafanyakazi wa mafuta wa kaskazini watangojea zamu yao nyuma ya habari za mji ambao si wao.